Peki ya Mama Priscillah

Mambo haya yalitokea Sosiot, na ukikutana na mtu wa Sosiot akuambie hayakutokea, muulize Jumapili ile alikuwa amejificha wapi. Waringa, mke wa Gitonga mwenye duka la hadiwea, aliingia kanisani ameshika begi jipya. Lilikuwa la kahawia, limejaa herufi za dhahabu kila upande, kama ng'ombe aliyepigwa chapa na mtu asiyewaamini majirani zake. Mhubiri alikuwa akisoma kitabu cha Hesabu; alirudia mstari mmoja mara tatu na hakuna aliyegundua. Mbwa wa soko, ambaye hushinda mlangoni na mfupa wake, aliuacha mfupa akaja kuangalia.

Kwenye benchi la kwanza wanawake watatu walisogea ili Waringa aketi. Wa mwisho kusogea alikuwa Jentrix, mke wa Phelix Owiti fundi viatu. Miaka sita Jentrix alikuwa akifika kanisani mapema kuliko mwenye funguo ili akae pale mbele. Sasa alijikuta nusu yake iko kwenye benchi na nusu iko hewani, na nguzo imemziba asione mimbari.

"Ametumiwa na msichana wake Priscillah, yule nesi wa Ujerumani," Nyatichi akamnong'oneza kutoka benchi la nyuma. "Wanasema bei yake ni ng'ombe wanne wa gredi."

"Wenye maziwa ama waliokauka?"

"Wenye maziwa."

Jentrix aliliangalia begi lake mwenyewe. Phelix alikuwa amemshonea mwaka waliooana, wakati alikuwa bado anashona mikanda katika kiwanda cha majani chai. Lilikuwa kipande cha mkanda wa zamani, ile turubai nzito inayosafirisha majani kutoka mashine moja hadi nyingine, na majani yalikuwa yameusugua mkanda ule miaka mingi mpaka ukashika rangi ya chai na harufu yake. Begi lilikuwa limebeba makaa, nguo za mtoto wao Ayoo akiwa mchanga, na siku moja jogoo mzima, hai, kutoka Fort Ternan, aliyepiga kelele njia yote. Kwa miaka kumi na saba hakuna uzi uliokatika. Jentrix alilisukuma kwa mguu likaingia chini ya benchi.

Alipofika nyumbani Phelix akamuuliza mahubiri yalikuwa ya nini.

"Ya ng'ombe," akasema Jentrix.


Phelix alifanyia kazi kwenye veranda ya duka la Gitonga. Hakukuwa na karatasi wala sahihi. Gitonga alikuwa tu amesema "kaa hapo," na neno la mdomo, kama ujuavyo, mwenyewe anaweza kulimeza akisikia njaa. Pale Sosiot mvua hunyesha kila alasiri kama imeajiriwa, na hakukuwa na veranda nyingine isiyo na mtu. Hiyo veranda ndiyo iliyowalisha Phelix na mkewe, na ndiyo iliyomweka Ayoo katika kidato cha tatu. Phelix angenyeshewa wiki mbili tu, Ayoo angerudi nyumbani na sanduku lake.

Wiki tatu baada ya ile Jumapili, Waringa alitokea dukani na ndoo ya rangi yenye kifuniko.

"Hujambo fundi."

"Sijambo, Mama Priscillah. Mmeanza kupaka nyumba?"

"Punguza sauti. Fungua kwanza."

Phelix akafungua. Ndani ya ndoo begi lilikuwa limelala kama kuku mgonjwa. Mkono wake mmoja ulikuwa umeng'oka.

"Lilikuwa limebeba nini?"

"Biblia."

"Biblia peke yake?"

"Na sukari kilo mbili. Kwani begi si ni ya kubeba?"

Phelix alilitoa, akaligeuza, akalikunja kidogo kwa kidole gumba, akalinusa. Waringa alitazama huku na huku barabarani kuona nani anapita.

"Usiikwaruze. Hiyo ni ngozi ya ndama."

"Mama, huyu ndama hakuwa na mama. Hii ni kitambaa imepakwa plastiki, kama turubai ya lori ya majani. Ngozi ni hii mikono tu, na imebandikwa na gundi."

"Phelix, wewe umeshona gumbuti maisha yako yote. Hii imetoka Paris."

"Sikatai imetoka. Nasema ilitoka haraka."

Waringa hakucheka. "Wewe shona mkono. Na mtu asiione."

Alipoondoka, Phelix alifungua bitana ili apate mahali pa kupitisha sindano. Ndani alikuta katoni, kipande cha boksi kilichotiwa ili begi lisimame. Alikaa akiishika ile katoni muda mrefu. Yeye hakuwa mtu wa wivu; magari ya watu yalipita mbele yake, na mashamba ya watu yalimzunguka kila upande, na roho yake ilikuwa imetulia. Lakini sasa alimwonea mtu wivu. Mahali fulani kulikuwa na fundi mwenzake, mtu aliyekaa pakavu, aliyeweka mishono mitano mahali pa nane, akatia katoni, akaenda kula chakula cha mchana, na kazi yake ikauzwa bei ya ng'ombe wanne. Kule kiwandani mkanda ukikatika, tani mbili za majani zinaharibika na msimamizi anakuita kwa jina la baba yako. Nani alimwita huyu kwa jina la baba yake?

Aliombwa mkono tu. Alipomaliza mkono akaona mshono wa chini, akasema wacha nirekebishe huu. Ule wa chini ukamwonyesha wa kando. Kufikia siku ya tatu alikuwa amefumua begi lote na kulishona upya kwa mshono wa mkanda, sindano mbili zikikutana ndani ya tundu moja, uzi umepakwa nta, ili uzi mmoja ukikatika mwingine ushike. Nyuzi za zamani na ile katoni alizitia ndani ya mkebe, kwa sababu Phelix hakuwahi kutupa kitu tangu azaliwe.

Siku ya pili ya kazi hiyo mzee Bethwel alikuja kuchukua gumbuti zake, vile viatu vya mpira vya shambani, akakuta hazijaguswa.


Kesho yake wakulima walikuwa wamekaa kwenye kituo cha majani wakingoja lori. Jentrix alikuwa na birika lake la chai na beseni la mandazi, kama kila siku. Bethwel aliketi juu ya gunia lake na miguu ndani ya viatu vya kanisani.

Sasa, mzee Bethwel ni mwenyeji wa huku Belgut wa kuzaliwa, na kinywani mwake b na p ni mapacha. Anayeamka kwanza ndiye anayetoka nje. G na k ni hivyo hivyo, na f nayo hutoka p.

"Gumputi yangu imewekwa chini," Bethwel alilalamika, "sapapu ya peki ya mama Gitonga."

Janefer, mkulima mwenzake aliyekuwa anapuliza chai, akaacha kupuliza. "Feki?"

"Ntio. Peki. Iko kwa Pelix. Nimeiona na macho yangu."

"Ile yenye dhahabu?"

"Hiyo hiyo. Pelix ametoa matumpo yake yote nje. Ndani ni katoni."

Bethwel hakuwa amesema uongo hata mmoja. Janefer akamgeukia Jentrix polepole, kama mtu anayebeba maziwa.

"Mama Ayoo. Ni kweli ni feki?"

Jentrix alikuwa ameishi na watu wa Belgut miaka ishirini. Alijua peki ni begi kama alivyojua jina la mtoto wake. Neno moja tu lilihitaji kurudishwa mahali pake, na lilikuwa limefika kwenye ulimi. Halafu akakumbuka ile nguzo ya kanisani.

"Mimi ni wa mandazi," akasema. "Mambo ya kazi ya Baba Ayoo mimi siulizi."

Akatabasamu kidogo, meno mawili tu yakaonekana. Hayo mawili yalitosha. Kufikia jioni habari zilikuwa zimetembea kwa miguu hadi Kericho mjini, na kesho yake kule Fort Ternan watu waliambiwa kuwa Waringa alinyeshewa na begi lake likayeyuka likabaki zipu.


Jumapili iliyofuata Waringa aliingia na begi lake, limeshonwa, limepigwa kitambaa, linang'aa. Hakuna aliyesogea. Benchi la kwanza lilikuwa limejaa wanawake waliokuwa wamefungua vitabu vya nyimbo kabla wimbo haujatajwa.

"Mama Priscillah," Nyatichi akasema kwa upole mwingi, "kaa hapa nyuma. Hapo mbele paa linavuja, na hiyo yako inaogopa maji."

Wanawake wakacheka ndani ya vitabu. Waringa alikaa nyuma ya nguzo. Jentrix alikuwa amerudi mahali pake, mapaja yote mawili juu ya benchi, na utamu wa kukaa pale ulidumu nyimbo tatu. Wimbo wa nne aligeuka kidogo akamwona Waringa ameweka begi sakafuni, amelifunika na leso. Jentrix akajiambia kuwa yeye hakusema kitu. Akajiambia hivyo mpaka sadaka.


Alhamisi, kabla ya saa sita, Waringa na Gitonga walitoka dukani pamoja wakasimama mbele ya Phelix. Gitonga ni mtu anayeuza misumari kwa kilo na kuzungumza kwa kilo vilevile; akianza kusema, watu husimama. Walisimama. Janefer alikuwepo, Nyatichi alikuwepo na sukuma wiki mkononi, na Bethwel alikuwa amerudi tena kwa ajili ya zile gumbuti.

"Fundi," Waringa akasema, "begi yangu iko wapi?"

"Si ni hiyo umeshika?"

"Hii si yangu. Nilipiga picha nikamtumia Priscillah. Akaenda kwa duka ile alinunua, akawaonyesha. Wakaangalia mishono, wakasema hii si yetu, sisi hatushoni hivi. Hii ni feki." Hilo neno alilisema kwa sauti ya chini. "Kwa hivyo ndiyo maana mji wote ulijua mbele yangu. Ulichukua yangu ukaniwekea hii."

"Mama Priscillah, mimi?"

"Mwizi utamjua kwa uso?"

Gitonga akainua mkono. "Phelix, mimi sitaki kelele. Rudisha begi ya mke wangu. Ama ubebe vitu vyako hapa kabla mvua haijaanza, halafu tuonane kwa chifu."

Phelix aliangalia juu. Mawingu yalikuwa tayari yamesimama upande wa mashamba makubwa, meusi chini. Akaangalia kiti chake, chuma chake cha kugongea viatu, viatu vya watu kumi na wanne. Akainama akatoa ule mkebe.

"Wembe uko nao hapo dukani?"

Gitonga akamletea wembe. Phelix akafumua mshono wa kando, urefu wa kidole, na kila uzi uliokatika ulimuuma. Akaufungua ukingo akauonyesha kwa mwanga. Katikati ya matundu yake makubwa kulikuwa na matundu mengine madogo, kama mahali mbu ameuma. Akatoa kwenye mkebe uzi wa zamani, bado umejikunja kwa zile kona zake, akauweka juu ya matundu. Kila kona iliingia kwenye tundu lake.

"Hiyo ni mishono ya wenyewe," akasema. "Tano kwa inchi. Mimi nimeweka nane. Hao wa dukani wamejua si yao kwa sababu mishono yangu haiachii."

Gitonga, ambaye hajawahi kukubali mfuko wa simiti bila kuupima, aliushika uzi akaujaribu mwenyewe mara mbili. "Ni yenyewe," akasema.

"Basi Mama Priscillah, begi yako ni ya kweli," Phelix akaendelea. Hapo angenyamaza angekuwa ameokoka. Lakini ile katoni ilikuwa imetoka mkebeni pamoja na uzi, bado iko mkononi mwake. "Ni ya kweli, na ni mbaya. Zote mbili. Mtumba ya pale sokoni imeshonwa vizuri kuliko hii."

Watu wakanung'unika. "Hiyo haiwezekani," Nyatichi akasema. "Kitu ya ng'ombe wanne haiwezi kuwa mbaya. Kama ni mbaya, ni feki."

"Na kama ni ya kweli, ni nzuri," Waringa akasema.

"Ndiyo hiyo nasema," Nyatichi akajibu. Ilikuwa mara ya kwanza wawili hao kukubaliana tangu begi lifike Sosiot, na walikubaliana dhidi ya Phelix.

"Lakini hili neno feki," Gitonga akauliza, "lilitoka kwa nani? Fundi, ni wewe?"

"Mimi sijawahi kulisema."

"Wanasema lilitoka kwa mzee Bethwel."

Bethwel akashangaa. "Mimi nilisema peki. Peki ya kupepa. Nilikuwa naulisia gumputi."

Mtu mmoja akaanza kucheka, akaacha. Janefer alikuwa amemkodolea macho Jentrix, ambaye alikuwa amekuja mbio kutoka kituoni na birika bado mkononi, mvuke ukitoka mdomoni mwa birika.

"Mama Ayoo," Janefer akasema. "Wewe nilikuuliza."

Jentrix aliweka birika chini. Phelix alikuwa anamwangalia, na ni hayo macho aliyoshindwa kuyapita.

"Nilisikia begi," akasema. "Nilijua ni begi. Nikanyamaza."

"Kwa nini?" Waringa akauliza. Hakuwa na hasira hata. Aliuliza kama mtu anayetaka kujua njia.

"Kwa sababu ya ile kiti ya kanisa."

Ni kosa dogo hivi kwamba mtu anaona haya hata kulisamehe. Gitonga alikohoa, akamwangalia mkewe, maana neno la veranda sasa lilikuwa la mkewe.

Waringa aliligeuza begi lake mikononi. "Huku ni feki, kule ni feki," akasema. "Mtoto wangu amesimama mbele ya wagonjwa mwaka mzima kwa sababu ya hii kitu. Jumapili nitabeba nini?" Halafu macho yake yakashuka, yakafika begani mwa Jentrix, yakatulia hapo. Akasogea, akalishika lile begi la mkanda, akalipapasa kama mnunuzi anavyopapasa kiwele. Akavuta mkono wa begi kwa nguvu. Haukulia.

"Hii alikushonea huyu?"

"Tulipooana."

"Nipatie. Wewe chukua hii yangu. Fundi akae."

Jentrix alimwangalia Phelix. Phelix aliangalia mawingu. Tone la kwanza lilianguka juu ya bati la duka, likafuatwa na lingine, na watu wote wakasogea ndani ya veranda, bega kwa bega, ili waone vizuri.

Basi akatoa vitu vyake mbele yao, kimoja kimoja, akiviweka juu ya kiti cha mumewe. Leso. Kitabu cha nyimbo. Chumvi iliyofungwa ndani ya gazeti. Barua ya shule ya Ayoo. Mwisho, kutoka pembeni kabisa, unyoya mwekundu wa yule jogoo wa Fort Ternan. Ule unyoya aliushika muda kidogo, akautia ndani ya kifua cha nguo yake. Halafu akampa Waringa begi.

"Asante, Mama Ayoo," Waringa akasema, na lilikuwa neno la adabu, na liliuma.


Jumapili Waringa aliingia na begi la mkanda. Alikuwa amelipaka mafuta kidogo, na ile rangi ya chai ilikuwa imeamka, nyekundu kwa ndani kama majani yaliyokauka vizuri. Benchi la kwanza likasogea lote.

"Sasa hiyo ndiyo begi," Nyatichi akasema, kama mtu ambaye Alhamisi hakuwepo, akishika ukingo wake kwa vidole viwili. "Ona vile imeshonwa. Hii si ya hapa."

"Ni ya Italia," Janefer akasema. "Mimi ngozi ya Italia naijua kwa harufu."

Waringa hakusema ndiyo, hakusema la. Alitabasamu, meno mawili tu.

Jentrix alikuwa nyuma ya nguzo, herufi za dhahabu zimejaa mapajani mwake. Hilo ndilo alilolitaka tangu mwanzo. Lilikuwa la kweli kabisa, na sasa limeshonwa na mkono wa mumewe. Mwanamke aliyekaa karibu naye alilitazama, akamwegemea kwa huruma.

"Mama Ayoo, si ungenunua tu kitu ndogo ya kawaida? Hizi feki zinaaibisha watu."

Wakati wa sadaka Waringa alipita kwenda mbele. Harufu ya chai ilipita naye, harufu ya kiwanda, ya mwaka ule waliooana, na wivu ukamshika Jentrix, mkali kuliko ule wa kwanza, kwa kitu ambacho wiki chache tu zilizopita alikuwa akikisukuma kwa mguu.

Walirudi nyumbani yeye na Phelix, wakafika kwenye kona ya kituo cha majani.

"Baba Ayoo. Ule mkanda, huwezi kupata kipande kingine?"

"Walishatupa yote. Siku hizi ni plastiki."

Wakatembea kidogo.

"Na hiyo mishono uliweka kwa ile yangu ya zamani. Inaweza kukatika lini?"

Phelix alifikiria kwa uaminifu, kama fundi aliyeulizwa na mteja.

"Ile?" akasema, na hakuweza kuizuia sauti yake isijae fahari. "Ile haikatiki. Waringa atazikwa nayo."